Jina Jema si Karata

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Iringa hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa mwendo wa kilomita 50 hivi. Kulia na kushoto ni majani marefu, na ndani ya majani hayo mna wanyama asiowaona, ingawa wao wamwona. Akiisha kutoka hifadhini huingia mji wa Mikumi, panapokutana njia: moja yaendelea Iringa na Zambia, moja yaelekea Kidatu na Ifakara, na moja yageuka kaskazini kwenda Kilosa kwenye reli. Hapo malori hupumzika usiku. Madereva hula wali, hukagua magurudumu, na wengine, wakiisha kushiba, hukaa juu ya makreti chini ya taa na kucheza karata.

Kijana mmoja wa Kilosa, utingo wa lori la mizigo, alikuwa akicheza nao. Mchezo wao haukuwa albastini wala wahedusitini, michezo tuliyoizoea vibarazani, bali ule uitwao poka, ambao vijana wengi siku hizi hujifunza katika simu. Usiku wa kwanza kijana yule alitupa karata zake karibu kila mara. Usiku wa pili vivyo hivyo. Alipocheza, alicheza kwa fedha kidogo, tena kwa karata nzuri tu, na mwishoni aliwaonyesha wote. Madereva wakamcheka, wakamwita Bwana Tahadhari. Usiku wa tatu alipata karata mbovu kabisa, zisizofaa kitu. Naye akasukuma katikati fedha zote alizokuwa nazo, uso wake mtulivu kama maji ya mtungini. Dereva mmoja mzee, aliyekuwa na karata nzuri mkononi, alimtazama kwa muda, akatikisa kichwa, akasema, "Huyu hachezi bila kitu," akazitupa. Kijana akazoa shilingi 90,000 bila kuonyesha karata hata moja.

Asubuhi yake mzee yule yule alimwita kando. Lori lake lilikuwa limeharibika, naye alitaka mtu wa kupeleka Kilosa fedha taslimu za mwenye mali, shilingi 1,400,000. Akamkabidhi kijana bahasha, akamwambia, "Wewe ni mwangalifu, mwanangu. Nimekuona."

Kijana alizifikisha fedha zote, hakugusa hata senti. Lakini njia nzima neno lile "nimekuona" lilimchoma moyo. Mzee ameona nini? Je, hakuona ila sura ile ambayo yeye kijana alimtengenezea kwa siku mbili, kusudi siku ya tatu amvune? Alipofika nyumbani alimwendea katekista, akamwuliza: "Mwalimu, nilimdanganya mzee yule? Na kama nilimdanganya, ni pale mezani, ama ni pale nilipopokea bahasha yake nikanyamaza?"

Swali hili twalileta mbele ya wasomaji wetu, maana si swali la karata peke yake. Kila mtu hujijengea sura mbele ya wenzake: mwenye duka, mwalimu, mgombea wa kiti, mchumba, hata mwandishi wa gazeti. Twataka kujua ni lini sura hiyo ni jina jema la haki, na ni lini ni mtego.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe kwa wale wasioujua. Karata si kitu kigeni kwetu. Majina yake, yaani karata, kopa, shupaza, uru, na turufu, yatoka katika lugha ya Wareno, ambao Vasco da Gama aliwaongoza kufika pwani yetu mwaka 1498. Poka ni mdogo zaidi. Ulikua huko Marekani katika karne ya 19, hasa katika meli za mto Mississippi. Katika poka kila mchezaji hupewa karata azionazo yeye peke yake, kisha wachezaji huweka fedha katikati kwa zamu. Asiyetaka kuendelea hutupa karata zake na kupoteza alichokwisha kuweka. Wakitupa wote akabaki mmoja, huyo huchukua fedha zote wala halazimiki kuonyesha alichokuwa nacho. Kwa hiyo mtu mwenye karata mbovu kuliko wote aweza kushinda, mradi wenzake waamini kwamba anazo nzuri. Vijana huita jambo hilo kupiga mkwara.

Na hapo ndipo sura ya mezani inapokuwa na thamani. Mtu aliyejulikana kuwa hacheki na fedha, atupaye karata kumi ili acheze moja, akiweka fedha nyingi huaminiwa. Mtu aliyejulikana kuwa hovyo, awekaye fedha kila mara, haaminiwi. Lakini naye ana faida yake, maana siku akipata karata nzuri kweli, wote humfuata wakidhani ni mkwara uleule, wakaliwa. Mwanahisabati John von Neumann, aliyeandika juu ya hesabu za michezo mwaka 1928, na tena mwaka 1944 pamoja na Oskar Morgenstern, alionyesha kwamba mkwara si ukorofi wa tabia bali ni sehemu ya akili ya mchezo wenyewe. Asiyepiga mkwara kamwe, kila akiweka fedha wenzake watajua anazo karata, watatupa zao, na hata karata zake bora hazitamlipa. Mwaka 2019 mashine ya hesabu iitwayo Pluribus, iliyotengenezwa na wataalamu wa Marekani, iliwashinda mabingwa wa poka, na mashine hiyo haina uso wala macho. Basi sura ya mezani haimo katika uso wa mtu. Imo katika matendo yake yaliyotangulia, ambayo wenzake huyasoma kama tusomavyo barua.

Wasomaji wengine watatukatiza hapa na kusema, "Kamari ni dhambi, la kujadili ni lipi?" Twaheshimu hasira yao, maana wengi wao wameona nyumba zikianguka. Lakini yapasa tuseme sawasawa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotangazwa mwaka 1992, yafundisha kwamba michezo ya bahati na ya kuwekeana fedha si kinyume cha haki kwa asili yake, bali huwa mibaya inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa ajili yake na kwa ajili ya wale wanaomtegemea. Tena yaonya kwamba shauku ya kamari yaweza kumfanya mtu kuwa mtumwa. Na udanganyifu mchezoni yauhesabu kuwa jambo zito, isipokuwa hasara iwe ndogo mno. Basi kabla ya kuuliza kama kijana alidanganya, tuulize: zile shilingi 90,000 zilikuwa za nani? Kama zilikuwa ziada ya mzee, ni shauri lake. Kama zilikuwa ada ya mtoto wake, au unga wa mkewe, basi wote wawili walikuwa wakichezea mali isiyo yao, na hakuna akili ya von Neumann itakayolisafisha jambo hilo.

Katika wilaya ya Kilosa somo hili ni la zamani. Katika mashamba ya mkonge, kama yale ya Kimamba, mfanyakazi wa siku zile alilipwa alipotimiza siku 30 zilizoandikwa katika kadi yake, iliyoitwa kipande. Mwezi wa jasho ulikuwa katika kadi hiyo moja. Aliyekwenda kuuweka mwezi huo juu ya karata nyingine kwa usiku mmoja hakuwa akicheza. Alikuwa akiwachezea watoto wake bila kuwauliza. Leo mkonge umepungua, nayo michezo ya fedha imeingia simuni. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 imeweka Bodi ya kuisimamia, na hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza. Lakini Bodi haikai sebuleni mwetu. Anayekaa sebuleni ni mzazi.

Tukiisha kuliweka hilo mahali pake, turudi katika swali la uwongo. Tuseme kwamba fedha zilikuwa za ziada, na wachezaji wote watu wazima. Je, kijana alisema uwongo?

Mtakatifu Agostino aliandika kitabu kizima juu ya uwongo karibu na mwaka 395, na kingine mwaka 420, naye ni mkali sana: mwongo ni yule mwenye jambo moja moyoni, akalitoa jingine kwa maneno au kwa ishara nyingine yoyote, kwa nia ya kudanganya. Angalia asemavyo: au kwa ishara. Maana matendo nayo husema. Mtakatifu Toma wa Akwino aliifuata njia hiyo, akaeleza kwamba mtu aweza kusema uwongo kwa tendo kama awezavyo kwa neno. Anayejionyesha kwa matendo kuwa kile asichokuwa, huyo amesema uwongo bila kufungua kinywa. Kwa kipimo hiki kijana wetu yu hatarini. Siku mbili za kutupa karata zilikuwa kama sentensi ndefu isemayo, "Mimi sichezi bila kitu."

Lakini Toma huyohuyo ana maneno mengine. Anapouliza kama ni halali kuvizia adui vitani, kama Yoshua alivyouvizia mji wa Ai, ajibu kwamba kuna njia mbili za kumfanya mwingine adanganyike. Ya kwanza ni kumwambia uwongo au kuvunja ahadi uliyompa. Hiyo si halali kamwe, hata kwa adui. Ya pili ni kutomfunulia nia yako; hiyo si uwongo, maana hatulazimiki kumfunulia kila mtu yaliyomo moyoni mwetu. Tena, juu ya Bwana wetu katika njia ya Emau, pale alipofanya kana kwamba anaendelea mbele hata wanafunzi wakamsihi akae nao, Toma ajibu pamoja na Agostino kwamba si kila kujifanya ni uwongo. Tofauti imo katika maana ya tendo, na katika kile ambacho yule mwingine ana haki ya kukitegemea.

Tutazame mfano wa Mikumi yenyewe. Wahenga walisema, simba mwenda pole ndiye mla nyama. Simba hulala katika majani yenye rangi ya mwili wake, akanyamaza, akangoja. Swala hamwoni. Lakini je, simba amemdanganya swala? La. Simba hakumwahidi swala chochote. Swala ajua kwamba ndani ya majani mna simba; ndiyo maana hunusa upepo na kuinua kichwa kila akitafuna. Simba angekuwa mwongo kama angeweza kumwambia swala, "Njoo unywe maji hapa, mimi ni ng'ombe," naye swala akawa na sababu ya kuamini.

Wachezaji wa poka wamekaa katika majani kwa hiari yao. Karata zimefunikwa kwa mapatano. Kila mmoja ajua kwamba mwenzake anaficha. Kila mmoja ajua kwamba mwenzake aweza kupiga mkwara. Na wote wamekubali hivyo kabla ya kuketi. Kama katika mpira: mchezaji apigapo chenga, akaelekeza mwili kulia kisha akaenda kushoto, hakuna beki awezaye kwenda polisi kushitaki kwamba ameambiwa uwongo. Beki hana haki ya kuambiwa ukweli na kiuno cha mshambuliaji. Vivyo hivyo dereva mzee hakuwa na haki ya kuambiwa ukweli na karata zilizofunikwa.

Twaweza kuweka kipimo kimoja chepesi, ambacho hata mtoto aweza kukitumia. Jiulize: Je, naweza kuwaambia wenzangu waziwazi kwa nini nafanya ninayofanya, na jambo letu likaendelea? Mchezaji wa poka aweza. Angeweza kusema mbele ya wote, "Jamani, natupa karata hizi ili baadaye mniogope," na madereva wangecheka, wangesema, "Tunajua, cheza," na mchezo ungeendelea. Mwenye duka mwaminifu naye aweza. Aweza kumwambia mteja, "Mama, nakupimia sawasawa kwa sababu nataka urudi kesho," na mama atarudi kwa furaha zaidi. Lakini yuko mtu asiyeweza kusema sababu yake, maana akiisema tu, kila kitu kinavunjika. Huyo ndiye mwongo, hata kama hajawahi kutamka neno la uwongo maishani mwake.

Mtu huyo ni nani? Anza na yule wa karata tatu katika stendi ya mabasi. Azungusha karata, awaita watu waitafute moja. Wapambe wake, wakijifanya abiria, hushinda mbele ya macho ya wote. Mkulima aliyeuza mazao yake na kubeba fedha mfukoni huona ushindi ule, akajaribu, akamalizwa. Pale hapana mchezo, maana mkulima hajui wapambe ni nani. Mwenye karata hawezi kumwambia, "Hawa washindi ni wenzangu." Ajisemapo hivyo, biashara imekwisha.

Kisha yuko mnunuzi wa mazao. Tuchukue mfano wa kawaida, ambao wakulima wengi wataufahamu. Mnunuzi aingia kijijini, msimu wa kwanza alipa taslimu, tena bei nzuri. Hadai lumbesa, ule mlima wa ziada juu ya gunia ambao sheria ya vipimo imeukataza. Msimu wa pili alipa vilevile, aacha na sukari kwa wazee. Msimu wa tatu asema, "Ndugu zangu, fedha imechelewa benki, nipeni mzigo, baada ya wiki nitarudi." Kijiji kizima chapakia. Lori laondoka, na mtu yule haonekani tena. Ona ajabu ya jambo hili: kila tendo lake la misimu miwili lilikuwa la kweli. Fedha alizolipa zilikuwa fedha halali. Vipimo vyake vilikuwa sahihi. Hata hivyo yote kwa pamoja yalikuwa uwongo mmoja mrefu wa misimu miwili, kwa kuwa kila jema lilikuwa chambo katika ndoana.

Nchi yetu imeliona jambo hili kwa ukubwa wake. Kati ya mwaka 2007 na 2009 kampuni iliyoitwa DECI ilikusanya fedha za watu wengi sana katika miji mbalimbali ya Tanzania. Watu waliambiwa "wapande mbegu" na baada ya muda "watavuna" zaidi ya walichopanda. Wa kwanza walivuna kweli, na kuvuna kwao ndiko kulikowavuta wengine. Maana mtu humwamini jirani aliyemwona akihesabu noti kuliko tangazo la gazeti. Lakini fedha za kuwalipa waliotangulia zilitoka kwa waliofuata. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo mwaka 2009, na mwaka 2013 mahakama jijini Dar es Salaam iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Baadhi yao walikuwa wachungaji wa dini, na hatulisemi hilo kwa kuwacheka ndugu zetu wa madhehebu mengine. Twalisema kwa kujihofia sisi wenyewe, maana kila mwenye joho, kila mwenye Biblia mkononi, kila mwenye tasbihi shingoni, amebeba sura iliyojengwa na watakatifu wengi kabla yake, na aweza kuitumia kama turufu.

Mgiriki Plato, miaka zaidi ya 2,300 iliyopita, aliliweka swali hili katika kitabu chake juu ya dola: mtu mbaya kabisa si yule ajulikanaye kuwa mbaya, bali ni yule afanyaye ubaya wote huku akiwa na sifa ya haki kuliko wote. Na Bwana wetu alipowaonya wale waliofunga na kusali njiani ili waonekane na watu, hakusema kwamba hawakufunga kweli. Walifunga. Kosa lilikuwa kwamba tendo lililokuwa la Mungu wamelifanya kuwa la soko.

Basi, ubaya wa mnunuzi yule hauko katika fedha za kijiji peke yake. Ameiba na kitu kingine. Wahenga wasema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Msimu wa nne akija mnunuzi mwaminifu, ambaye kweli fedha zake zimechelewa benki, hatapata hata debe moja. Maskini mwenye shida ya kweli atakopa wapi, ikiwa kila neno "nitarudi" limekuwa ung'ongo? Mto Mkondoa ulipofurika Kilosa mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010, maelfu ya watu walipoteza nyumba na vyombo, na reli yenyewe ikakatika. Mtu aliyetoka majini mikono mitupu alibaki na nini cha kumwendea mwenye duka? Hakuwa na dhamana wala hati. Alikuwa na jina lake. Siku ya gharika jina ndilo ghala la maskini. Na yule alifanyaye jina kuwa karata ya kuchezea, achoma ghala ambalo si lake peke yake.

Hapa twapata jibu la nusu ya kwanza ya swali la kijana. Pale mezani hakusema uwongo. Alificha palipofichwa kwa mapatano, na mzee alijua yuko wapi. Kama kuna kosa la usiku ule, ni katika kiasi cha fedha na katika tamaa, na hilo kila mmoja alipime mbele ya Mungu na mbele ya mkewe.

Nusu ya pili ni ngumu zaidi. Asubuhi ile mzee alisema, "Nimekuona," akampa bahasha. Kama mzee alimwamini kijana kwa sababu ya sura ya mezani, basi sura hiyo imevuka mpaka wake. Imetoka mahali ambapo wote walijua ni sura, ikaingia mahali ambapo mtu ana haki ya kupata ukweli. Chenga ni halali uwanjani. Ukimpiga mtu chenga katika deni lake, ni wizi. Na mtu anapoona kwamba mwenzake amechukua cha mchezoni akakileta katika amana, kunyamaza kwake si kuficha tena. Kunakaribia uwongo, hata kama hana nia ya kugusa senti.

Katekista alimwambia kijana maneno mafupi: "Rudi, mwambie." Kijana aliogopa, maana aliona atapoteza jina na labda kazi. Lakini siku lori lao lilipopita tena Mikumi, alimkuta mzee akinywa chai, akamwamkia, "Shikamoo, baba." Kisha akamweleza yote: kwamba usiku ule hakuwa na kitu, kwamba zile siku mbili za tahadhari zilikuwa mtego, na kwamba alipokabidhiwa bahasha aliona haya.

Mzee akaweka kikombe chini, akacheka hata machozi. "Mwanangu," akasema, "mimi nimecheza karata kabla baba yako hajaoa. Nilijua waweza kunipiga mkwara. Usiku ule nilikosea hesabu, basi, nimelipa. Lakini wadhani milioni na laki nne nampa mtu kwa sababu ya karata? Mwezi uliopita pale kituo cha mafuta, mwenye pampu alikurudishia chenji zaidi, nawe ukamrudia, na hukujua kwamba nimesimama nyuma yako. Hilo ndilo nililoliona."

Wasomaji wapenzi, katika jibu la mzee huyu mna hekima kubwa. Mtu ana sura mbili. Moja ni ile aijengayo mwenyewe, akijua anatazamwa. Nyingine ni ile ijengwayo na matendo yake wakati hajui kwamba kuna macho. Ya kwanza yaweza kuwa halali, yaweza kuwa mchezo, yaweza kuwa mtego. Ya pili haiwezi kutengenezwa kwa hila, kwa sababu hila huhitaji mtazamaji. Na watu wenye busara, wanapotaka kukabidhi amana, huitafuta hiyo ya pili. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tena tumwangalie kijana mwenyewe. Kilichomwokoa si kwamba alishinda wala kwamba alisamehewa, bali ni ule mchomo wa moyo njiani. Mtu aliyezoea kuwatazama wenzake kama wachezaji wa upande wa pili, akihesabu ni wema wa kiasi gani wahitajika leo ili wavunwe kesho, mwishowe hawezi kutenda jema lolote pasipo kulihesabu. Anampa mgonjwa uji, moyoni asema, "Hii itanilipa." Amsaidia mjane, asema, "Wameniona." Mtu huyo amekwisha kupoteza zaidi ya walivyopoteza aliowadanganya, maana wao wamepoteza mzigo wa msimu mmoja, naye hana tena tendo moja lililo lake kweli.

Kwa hiyo twawasihi wazazi. Mkiwakuta watoto wanacheza karata barazani bila fedha, msiwapige kwa kuwa wameficha ree mkononi; waacheni wajifunze kuficha palipo halali kuficha, na kushindwa pasipo kununa. Lakini wafundisheni mapema kwamba meza ina ukingo. Mtoto ajue kwamba ndani ya ukingo aweza kupiga chenga, na nje ya ukingo ndiyo yake iwe ndiyo, na siyo yake iwe siyo. Msimsifu anapowahi kufagia kwa sababu mgeni anakuja, kisha mkanyamaza anapofagia pasipo mgeni. Na ninyi akina baba, mnaporudi na bahasha ya mshahara, kumbukeni kwamba bahasha hiyo nayo ni amana. Haikufunikwa ili iwekwe katikati ya meza.

Usiku wa leo malori yatasimama tena Mikumi, na huenda karata zitagawanywa chini ya taa. Hatuwezi kuzizima taa hizo zote. Lakini kila mmoja wetu, awe utingo au mwenye shamba, aweza kujiuliza kabla ya kulala: yule aliyeniamini leo, je, ameiamini sura niliyomchorea, au ameniamini mimi? Na kama ni sura, kesho nimrudie nimwambie.